Gari ya kujiundia inamisi? Usikimbilie kununua sensa, mjumbe hauawi

Leo tuongelee kitu kinachowala pesa vijana wengi wanaojiundia magari: sensa ya injini. Na kabla hamjaanza kunitania, sensa hapa siyo ile ya kuhesabu watu ya 2022. Ni kile kidude kidogo kilichochomekwa kwenye injini, kinachoipasha habari kompyuta ya gari: maji yana joto kiasi gani, hewa inaingia kiasi gani, mguu umekanyaga mafuta mpaka wapi.

Picha yenyewe ni hii. Kijana kakata mabomba, kachomelea fremu, kapata injini ya Corolla ya miaka ya 90 iliyotoka kwenye gari la ajali, tuseme 5A-FE au 4A-FE. Kaibana kwenye fremu, kafunga rejeta, kavuta waya. Siku ya kwanza inawaka, mtaa mzima unashangilia. Wiki ya pili balaa. Asubuhi inawaka fresh, ikishapata moto inaanza kumisi. Moshi mweusi. Plagi zimekuwa nyeusi kama mkaa. Mafuta yanaisha kama tanki limetoboka.

Anaita mtu aangalie, anaambiwa "hiyo sensa tu". Ananunua. Hakuna mabadiliko. Anaambiwa ile ilikuwa feki, ananunua ya pili. Hakuna kitu. Mwishowe anaambiwa basi kompyuta imekufa, hapo sasa pesa ya maana inaanza kuongelewa. Wengine huishia hapo, ile gari inabaki nyuma ya nyumba kuku wanatagia.

Ninachotaka tuelewane leo ni kimoja tu: kwenye gari ya kujiundia, sensa ndiyo ya mwisho kushukiwa, siyo ya kwanza. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sensa ni mjumbe. Mara nyingi sana mbovu ni njia aliyopita mjumbe, au habari aliyoleta ni ya kweli kabisa ila sisi hatutaki kuisikia. Na namna ya kujua ipi ni ipi siyo uganga. Ni mita ya kupimia umeme, sufuria la maji ya moto na uvumilivu wa jioni moja.

SENSA INAONGEAJE NA KOMPYUTA?

Tuchukue moja tu tuifahamu vizuri, sensa ya joto la maji. Ukiielewa hiyo, nyingine zinafuata.

Ndani yake kuna kipande kinachozuia umeme kupita. Kikiwa baridi kinazuia sana, kikipata joto kinalegea, umeme unapita kirahisi. Uzuiaji huo unapimwa kwa omu. Kwa Toyota nyingi za miaka ile takwimu ni hizi:

- Nyuzi 0: omu 4,000 hadi 7,000
- Nyuzi 20: omu 2,000 hadi 3,000
- Nyuzi 40: omu 900 hadi 1,300
- Nyuzi 60: omu 400 hadi 700
- Nyuzi 80: omu 200 hadi 400

Kompyuta inatuma volti 5 kwenye waya mmoja, umeme unapita kwenye sensa, unarudi kwa waya wa pili. Kompyuta inasoma volti zilizobaki pale na kuzitafsiri kuwa joto. Inadhani injini ni ya baridi? Inaongeza petroli, kama vile enzi za kabureta ulivyokuwa unavuta choki asubuhi. Inadhani injini ina moto? Inapunguza.

Sasa kamata hapa, maana ndipo mchezo wote ulipo: kompyuta haioni maji. Haioni hata sensa. Inaona volti tu mwishoni mwa waya. Kitu chochote njiani kikiongeza uzuiaji, kwa kompyuta hiyo ni baridi.

Fanya hesabu ndogo. Injini iko nyuzi 80, sensa nzima kabisa inatoa omu 300. Lakini kwenye soketi kuna kutu ya kijani, au ule waya uliunga kwa kusokota na kufunga selotepu, na pale pana omu 2,000 za ziada. Jumla 2,300. Rudi kwenye orodha hapo juu: omu 2,300 ni nyuzi 20. Kompyuta inaamini injini imelala usiku kucha, inamwaga petroli kwenye injini inayochemka. Ndiyo huo moshi mweusi. Ndizo hizo plagi za mkaa. Badilisha sensa mara kumi, zile omu 2,000 zipo palepale zinakusubiri.

KWA NINI GARI YA KUJIUNDIA NI KESI TOFAUTI

Watu kujifungia gari nyumbani si jambo jipya. Uingereza Lotus Seven ilianza kuuzwa 1957, na wengi waliinunua ikiwa vipande wakaifunga wenyewe, kwa sababu kwa njia hiyo waliikwepa kodi ya manunuzi. Lakini injini za wakati ule zilikuwa na kabureta na distributa, basi. Hazikuwa na kompyuta ya kudanganywa.

Injini tunayoifunga leo imezoea maisha mengine. Kiwandani walipanga kila waya upite wapi, kila sensa ikae wapi, hasi ishikie bodi sehemu gani. Wewe umeitoa kwenye nyumba yake, umeiweka kwenye fremu ya mabomba, halafu unategemea ifanye kazi ileile. Mambo yanayobadilika ni haya:

Moja, hasi. Kwenye Corolla kuna waya mnene unaounganisha injini na bodi, na bodi na betri, kwenye chuma kitupu. Kwenye fremu yako injini imekaa juu ya mpira, na fremu umeipiga rangi nzuri tu. Rangi haipitishi umeme. Umeme wa stata, ambao ni mkubwa sana, ukikosa njia utajitafutia nyingine, na mojawapo ni vile viwaya vyembamba vya sensa. Hapo ndipo sensa zote zinaanza kuongea uongo kwa pamoja, na siku mbaya kompyuta inaungua kweli.

Mbili, waya zilizokatwa. Injini nyingi za kuuza zinakuja na waya zimekatwa kwa kisu au msumeno. Kila muungo ni mahali pa kutilia shaka.

Tatu, vitu vilivyoachwa kwa makusudi. Themostati ndiyo inaongoza. Mafundi wengi wanaitoa wakiamini nchi yetu ya joto haihitaji. Bila themostati, ukiwa barabarani upepo unapiga rejeta, injini inaweza kubaki nyuzi 55 au 60 safari nzima. Sensa inasema ukweli: "bado sijapata moto". Kompyuta inaongeza petroli kama ilivyofundishwa. Hapo hakuna kilichoharibika! Rudisha themostati, ile inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na ugonjwa unapona bila kugusa sensa.

Nne, hewa ya wizi. Mipira ya hewa iliyozeeka, gasketi ya kukata kwa mkasi, tundu ambalo zamani lilikuwa na mpira fulani nawe hukujua ni wa nini ukaliacha wazi. Injini inavuta hewa isiyohesabiwa, halafu lawama wanapewa wajumbe.

HATUA YA KWANZA: USIIGUSE SENSA

Anza na betri na hasi. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha. Betri ikiwa imepumzika isome kama volti 12.4 au zaidi. Injini ikiwa inaunguruma, kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikiwa alteneta haichaji, acha kila kitu utibu hiyo kwanza, maana kompyuta yenye njaa haina habari ya maana.

Halafu pima hasi. Weka mita kwenye volti za DC. Mkono mwekundu gusa chuma kitupu cha injini, mkono mweusi gusa kichwa chenyewe cha hasi cha betri. Mwambie mshkaji apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.3 hivi, una tatizo la hasi. Safisha, kwangua rangi, funga waya mnene kutoka injini moja kwa moja hadi betri, na mwingine hadi kwenye fremu. Kisha washa injini na taa kubwa, pima kutoka pini ya hasi ya sensa (kwenye michoro ya Toyota inaandikwa E2) hadi hasi ya betri. Inatakiwa iwe chini ya volti 0.1.

Nakwambia ukweli, hapa peke yake kesi nyingi zinafungwa.

HATUA YA PILI: IULIZE KOMPYUTA

Toyota hizi zina kiboksi chenye mfuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, kwenye gari la asili kinakaa upande wa injini. Ukifungua mfuniko, kwa ndani kuna majina ya matundu. Tafuta TE1 na E1. Funguo ikiwa OFF, yaunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Hakikisha ni hayo mawili kweli, maana jirani yao kuna tundu lenye chanya ya betri na ukikosea utaunguza fyuzi kama si zaidi. Gia iwe huru, usikanyage mafuta, washa funguo bila kupiga stata.

Ile taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa harakaharaka bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mbili, kimya kidogo, mbili, hiyo ni 22. Tatu, kimya, moja, hiyo ni 31.

Namba zinazokutana na watu mara nyingi:

- 12 na 13: habari ya mzunguko wa injini haifiki
- 14: ishara ya cheche
- 21: sensa ya oksijeni
- 22: joto la maji
- 24: joto la hewa inayoingia
- 31: sensa ya presha ya hewa
- 41: sensa ya pedali ya mafuta, ile ya kwenye throto
- 42: sensa ya spidi

Kama kiboksi hicho kilikatwa pamoja na waya, usikate tamaa. Tafuta mchoro wa kompyuta yako kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, TE1 ipo kwenye soketi. Na kama hukuifunga ile taa ya dashibodi, funga balbu ndogo kati ya chanya ya funguo na pini inayoitwa W.

Mambo matatu ya kuzingatia hapa. La kwanza, futa kumbukumbu kabla ya kuamini namba yoyote: chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde 10 au zaidi, rudisha, endesha, soma tena. Wakati wa kuunda uliwasha funguo mara ngapi soketi zikiwa zimening'inia? Kompyuta ilikuwa inaandika yote hayo.

La pili, namba 22 haisemi "sensa imekufa". Inasema "njia ya sensa ya maji imekatika au imegusana". Hiyo njia ni sensa, soketi mbili, waya mbili, na kompyuta yenyewe.

La tatu, na hili wengi hawalijui: yule anayedanganya kidogokidogo haandikwi. Ule mfano wetu wa omu 2,300 hautawasha taa hata siku moja, kwa sababu nyuzi 20 ni joto la kawaida kabisa. Kwa hiyo taa kutokuwaka haimaanishi kila kitu kiko poa.

Halafu kwa wale wenye vile visomaji vya kuunganisha na simu: vingi vinaelewa mfumo wa OBD2, ambao Marekani ulianza kuwa lazima kwa magari ya mwaka 1996. Corolla nyingi za soko la Japani za miaka ile hazizungumzi lugha hiyo. Usishangae simu ikikwambia hakuna gari. Kipande cha waya na macho yako ndiyo mashine.

HATUA YA TATU: PIMA NJIA

Bado hatujanunua kitu. Tafuta sensa yenyewe, na hapa kuna mtego: injini hizi zina zaidi ya kidude kimoja cha joto. Chenye pini mbili ndicho kinachoongea na kompyuta. Chenye pini moja ni cha mshale wa dashibodi. Watu wananunua cha mshale wakitegemea moshi mweusi upotee. Haupotei.

Chomoa soketi ya pini mbili. Washa funguo bila kuwasha injini. Pima volti kati ya pini mbili za upande wa waya. Uone volti 5 au karibu yake. Ukiipata, kompyuta inatuma na njia haijakatika kabisa. Ukikosa, weka mkono mweusi kwenye hasi ya betri badala ya pini ya pili. Ikiwa sasa volti 5 imetokea, waya wa kurudi ndio umekatika. Ikiwa bado hakuna, waya wa kwenda, au kompyuta yenyewe.

Kuna jaribio lingine rahisi. Toyota hizi zikikosa kabisa habari ya maji, kompyuta inajiwekea nyuzi 80 ya kubuni ili ufike nyumbani. Kwa hiyo injini ikiwa ya moto na inamisi, chomoa soketi ya sensa ya maji. Taa ya injini itawaka, hiyo ni sawa. Injini ikitulia ghafla na moshi ukapungua, umeshajua kwamba habari iliyokuwa inafika ilikuwa "baridi". Bado hujui kama mwongo ni sensa, waya, au ni ukweli mtupu kwa sababu ya themostati. Lakini umepunguza eneo la msako.

HATUA YA NNE: MPE MJUMBE MTIHANI

Subiri injini ipoe kabisa. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto, tafadhali, ile mvuke haina msamaha. Fungua sensa, weka kitambaa au kifuniko pale tundu lilipo maji yasimwagike yote.

Weka mita kwenye omu. Pima sensa ikiwa mkavu, mezani. Kwa Dar, joto la chumba nyuzi 30 hivi, utegemee jibu la katikati ya takwimu za 20 na za 40. Sasa chukua sufuria la maji, weka jikoni, ning'iniza sensa kwa waya ili ncha yake ya shaba iingie majini na pini zibaki juu. Kama una kipimajoto, pima kila nyuzi 20. Kama huna, maji yanayochemka ni kipimajoto tosha: Dar na Mombasa ni nyuzi 100, Arusha kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari ni karibu 95, Nairobi karibu 94. Kote huko omu ziwe zimeshuka chini ya zile za nyuzi 80 au zikaribiane na ukingo wake wa chini.

Angalia pia namna zinavyoshuka. Sensa nzima inashuka taratibu bila kuruka. Ikishuka vizuri halafu ghafla ikaruka hadi elfu kadhaa na kurudi, hiyo imepasuka ndani, na hapo sasa una haki ya kununua.

HATUA YA TANO: PIMA TENA UKIWA UPANDE WA KOMPYUTA

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na kwenye gari ya kujiundia ndiyo ya maana kuliko zote.

Rudisha sensa, chomeka soketi yake. Chomoa hasi ya betri, kisha chomoa soketi kubwa kwenye kompyuta. Tafuta pini THW na E2 kwenye mchoro wako. Pima omu hapo. Sasa umepima sensa pamoja na waya na soketi zote, yaani unaona kile ambacho kompyuta inaona.

Linganisha. Kwenye sensa omu 300, kwenye kompyuta omu 305? Njia safi. Kwenye sensa 300, kwenye kompyuta 2,300? Mwizi umemkamata, yuko kwenye waya. Huku mita ikiwa imeshikwa, mwambie mtu atikise waya kipande kwa kipande kutoka mbele hadi nyuma. Mahali namba zinapocheza, ndipo pa kukata na kuunga upya kwa risasi, siyo kwa kusokota.

SENSA NYINGINE, KWA HARAKA

Presha ya hewa: ina pini tatu. Kwa usawa wa bahari, funguo ON injini imezimwa, waya wa habari usome kama volti 3.3 hadi 3.9, ukiwa milimani kidogo chini ya hapo. Ukivuta hewa taratibu kwenye kimpira chake, volti zishuke. Kabla ya yote angalia kimpira chenyewe. Kikipasuka au kikiwa kimechomekwa tundu lisilo lake, sensa haina kosa.

Throto: zile za pini nne, volti zianze chini ya 1 mguu ukiwa juu, zipande laini hadi zaidi ya 3 ukikanyaga mwisho. Zikiruka katikati, sehemu hiyo imelika.

Oksijeni: hii haifanyi kazi mpaka ipate moto zaidi ya nyuzi 300. Ikiwa na moto, volti zake zinacheza kati ya 0.1 na 0.9. Wajenzi wengi wanachomelea ekzosi yao na kuiweka sensa mbali sana na injini, inabaki baridi. Wengine wana ufa kwenye muungo wa ekzosi mbele ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inaripoti "petroli kidogo", kompyuta inaongeza. Ziba ufa kwanza.

Mzunguko wa injini: kwenye injini hizi iko ndani ya distributa. Hii ikikosekana gari haiwaki kabisa. Waya zake uzipitishe mbali na waya za plagi, na usilivue lile ganda la kinga linalozizunguka, la sivyo cheche za plagi zinaingia kwenye habari na injini inamisi ukizidisha mwendo.

USIJIUMIZE

Usiwashe injini kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wa gari unaua, na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha. Usipime kompyuta kwa taa ya kupimia ya balbu, inavuta umeme mwingi kuliko kompyuta inavyoweza kuhimili. Ukitaka kuchomelea kitu kwenye fremu, chomoa betri na kompyuta kwanza. Na usizoee kuendesha injini inayomwaga petroli ukisema "nitaishughulikia mwezi ujao". Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni zinasagika bila kilainishi. Hapo ndipo kosa la waya linageuka kuwa injini nyingine.

UKISHAHAKIKISHA NI SENSA KWELI

Basi nunua, lakini nenda na mita yako dukani. Gerezani au Kirinyaga Road, sheria ni moja: sensa ya maji inapimika palepale kwenye kaunta. Weka mita, soma omu, linganisha na joto la siku hiyo. Shika ncha yake kwa kiganja dakika moja, omu zishuke. Muuzaji akikataa usipime, aga kwa heshima uende duka la pili. Na hesabu pini.

Kwa wenye haraka waliorukia mwisho: betri, hasi, namba za taa, volti 5, sensa kwenye maji moto, halafu omu kwenye soketi ya kompyuta. Kwa mpangilio huo. Pesa inatoka mfukoni baada ya hatua ya mwisho tu.

Mwenye gari inayosumbua atupie kwenye maoni hapo chini, ila tafadhali usiandike "gari yangu inamisi nisaidieni" ukaishia hapo. Andika injini gani, taa ilipepesa ngapi, na umepima omu ngapi sehemu gani. Na mafundi mliopo humu, mkiona mahali pa kuongezea msikae kimya, tunajifunza wote.

Nawasilisha.